Kipimo cha Damu na Manufaa Yake kwa Mgonjwa

Kila msimu wa korosho, mabibo mengi huozea chini ya mikorosho ya Naliendele, Mtwara, penye taasisi ya utafiti wa kilimo inayojulikana kwa zao hilo. Ilhali bibo lina vitamini C mara kadhaa zaidi ya chungwa. Vitamini hiyo ni mojawapo ya antioksidanti, yaani kemikali zinazozikinga seli na madhara ya uoksidishaji. Kwa kuwa damu nayo hubeba kemikali hizo, wako wanaoshauri kila mtu apimwe kiasi chake, na anayeonekana kupungukiwa apewe vidonge. Rai hiyo yavutia, lakini msingi wake si imara.

Kwanza, kipimo cha jumla huchanganya mambo. Sehemu kubwa ya nguvu ya antioksidanti katika majimaji ya damu hutokana na asidi ya yuriki, ambayo ni taka inayotolewa na figo. Figo zikidhoofika, taka hiyo huongezeka na kipimo hupanda. Hivyo mgonjwa wa figo aweza kupata jibu la kupendeza kuliko mkulima mwenye afya njema.

Pili, kupima vitamini mojamoja nako kuna mitego. Vitamini C katika damu hufuata sana chakula cha siku za karibuni, tena huharibika upesi sampuli isipotunzwa vyema. Vitamini A hushuka katika damu wakati wa maambukizi, hata kama ini lingali na akiba.

Tatu, na hili ndilo zito zaidi, kuongeza kilichopungua si lazima kulete afya. Ilikuwa imeonekana kwamba watu wenye beta-karotini nyingi katika damu hawapatwi sana na saratani ya mapafu. Lakini wavuta sigara wa Finland walipopewa vidonge vyake, matokeo yaliyotangazwa mwaka 1994 yalionyesha kwamba saratani hiyo iliongezeka. Dar es Salaam, katika utafiti ulioanza mwaka 1995, wajawazito 1,078 wenye virusi vya UKIMWI walishiriki. Vitamini za kundi B, C na E zilipunguza kasi ya ugonjwa. Vitamini A pamoja na beta-karotini ziliongeza maambukizi kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto.

Haina maana kwamba vipimo vyote vya aina hii ni bure. Kimeng'enya kiitwacho G6PD huzisaidia chembechembe nyekundu kujikinga na uoksidishaji. Upungufu wake hurithiwa, na ni wa kawaida katika nchi zenye malaria. Mwenye upungufu huo akipewa primakwini kwa siku nyingi, chembechembe zake zaweza kupasuka. Hapa jibu la maabara humwongoza daktari katika kuchagua dawa. Vivyo hivyo, vitamini C yafaa kupimwa kwa mgonjwa mwenye dalili za kiseyeye.

Mizani basi ni swali moja: je, jibu litabadili matibabu kwa faida ya mgonjwa? Mwalimu wa kemia aweza kuwaongoza wanafunzi kupima vitamini C katika maji ya bibo kwa iodini na wanga. Wakishapata tarakimu zao, awaulize kama zinatosha kueleza afya ya aliyelila tunda hilo. Bibo ni chakula chema, na mtu hahitaji kupimwa damu ndipo alile.