Balbu kali haitibu taa yenye ukungu

Simama Mwanga, hapa mjini Kigoma, jioni, magari ya Ujiji yakipita, utazame taa za mbele. Nyingi ni njano, nyingine zina ukungu kama jicho lenye mtoto wa jicho. Magari hayohayo usiku yanashika barabara ya Kasulu.

Vioo vya taa hizo si kioo. Ni plastiki ngumu, polikaboneti, iliyopakwa kiwandani utando wa kuzuia miale ya jua. Gari likifika kutoka Japani limeshatumika miaka mingi na utando umechoka. Jua la Kigoma linamalizia.

Madereva wengi hukimbilia balbu kali zaidi. Hapo ndipo hatari inapozidi: ukungu hutawanya mwanga, mbele yako pakabaki giza, na anayekuja akapofuka macho. Anayekuja huenda ni mzee juu ya baiskeli isiyo na taa, na gunia la mkaa nyuma.

Wengine husugua kwa dawa ya meno au dawa ya mbu. Dawa ya meno hukwangua kidogo tu, taa ikang'aa kwa muda, kisha ukungu ukarudi. Dawa ya mbu ndiyo msiiguse kabisa. Inayeyusha uso wa plastiki.

Kazi sahihi haichukui hata asubuhi nzima. Osha taa kwa sabuni, uzungushie tepu ya karatasi ili bodi isichubuke. Sugua kwa msasa wa maji namba 800, halafu 1000, 1500, umalizie na 2000, ukimwagia maji muda wote. Yatachuruzika maji mazito ya njano: hiyo ndiyo plastiki iliyoungua. Sugua mpaka yatoke meupe. Taa itaonekana imefifia kuliko mwanzo, usiogope. Ifute kwa spiriti, ikauke, kisha upulizie kivulini klia, yaani vanishi angavu, ya kuzuia miale ya jua. Ukiiacha klia, umefanya kazi bure, jua litaila plastiki ikiwa uchi. Ukungu ulio ndani ya taa, wa maji yaliyopenya, hautoki kwa msasa.

Tunawaomba askari wa usalama barabarani wasiridhike kuona taa inawaka. Watazame mwanga unafika wapi. Na wenye michomoko, magari madogo ya abiria, mnaopokea hesabu kila jioni, msimwachie kijana anayeendesha mzigo huu. Msasa na klia ni gharama ya mwenye gari.