Roboti Itakuja na Nini Saa Nane Usiku?

Muulize shosho yangu wa Githunguri AI ni nini. Atakwambia ni yule kijana wa pikipiki anayekuja na mtungi wa baridi kupandisha ng'ombe. Huku Kiambu hiyo ndiyo AI tuliyoijua kwanza, kabla hamjaanza kuandikiwa asainmenti na simu.

Nataja hilo kwa sababu wiki jana kasini yangu ameitwa chuo kusomea afya ya mifugo, kozi ya miaka 2, na badala ya pongezi akapewa lekcha. Anko wetu, mtu wa ofisi, akatoa simu na kumwonyesha video ya roboti ikikamua ng'ombe huko Ulaya. "Wee msichana, ukimaliza hiyo kozi utapata kazi imechukuliwa na mashine. Somea kompyuta." Kasini akasema tu, "Sawa anko," akaingia jikoni. Mimi pia nilinyamaza, maana anko ndiye anayetoa karo. Sasa acha niseme.

Ile video si uongo. Roboti ya kukamua ya Lely ilianza kazi Uholanzi mwaka 1992. Ng'ombe anaingia mwenyewe, mkono wa mashine unatafuta chuchu, unaosha, unakamua. Siku hizi kuna hata kola za shingoni zinazohesabu ng'ombe anavyotembea na kucheua, kisha zinamtumia mkulima ujumbe kwamba fulani yuko kwenye joto. Ziko poa. Joto la ng'ombe hukaa kama saa 18 tu, na ukilikosa unangoja karibu siku 21 nyingine ukilisha mnyama ambaye hajashika mimba. Na ndiyo, kwenye mashamba ya roboti hawahitaji wakamuaji wengi kama zamani. Hilo siwezi kulificha.

Lakini roboti moja ya hivyo hutengewa ng'ombe kama 60. Shosho ana wawili.

Na kukamua si kutunza. Mwaka jana mmoja wa hao wawili alizaa jioni, ndama safi, kila mtu akaenda kulala akiwa na furaha. Saa nane usiku shosho akanigongea mlango. Ng'ombe ameanguka na haamki. Shingo imepinda ubavuni, masikio baridi. Mimi mtoto wa intaneti nikafanya ninachojua: nikauliza akili unde. Na manze, ilijibu sawa! Sekunde chache tu: homa ya maziwa, kalsiamu imeshuka mwilini baada ya kuzaa, apewe kalsiamu kwenye mshipa haraka. Nikasoma yote kwa sauti. Shosho akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Haya, inakuja na nini?"

Aliyekuja ni yule yule kijana wa pikipiki, kwa mvua, koti juu ya nguo za kulala. Tunamwita daktari, ingawa ni msaidizi mwenye cheti. Hakukimbilia dawa. Kwanza alituambia tumsukume ng'ombe akalie kifua, tukamwegemeza kwa magunia, kwa sababu akilala ubavu gesi inajaa tumboni na inaweza kumuua kabla kalsiamu haijafanya kazi. Akapasha chupa moto ndani ya maji. Akatafuta mshipa wa shingo kwa vidole, mimi nikimmulikia na tochi ya simu. Kisha akaacha dawa iingie polepole, mkono mmoja umeinua chupa, mwingine umebana stethoskopu kifuani, maana kalsiamu ikienda mbio moyo unaweza kusimama. Mara mbili alishusha chupa akangoja. Mimi sikuona chochote kimebadilika. Yeye alisikia moyo umeanza kwenda vibaya.

Mwishowe ng'ombe akatetemeka, akabeua, akanya. "Sasa yuko," kijana akasema. Kabla ya mapambazuko alikuwa amesimama, ndama ananyonya.

Kwa hivyo mtu akiniambia mashine itachukua kazi ya kutunza wanyama, namuuliza: sehemu gani? Jibu tulikuwa nalo mfukoni tangu mwanzo. Daphne Sheldrick alihangaika miaka mingi kutafuta maziwa ambayo mtoto wa ndovu anaweza kunywa, akayapata. Ndovu mmoja mchanga, Aisha, alikua kwa maziwa hayo. Daphne alipoondoka kwa muda kwenda harusi ya binti yake, Aisha alidhoofika kwa huzuni akafa. Ndiyo maana leo pale Nairobi National Park walezi hulala na ndovu yatima na kupokezana, ili mtoto asimzoee mtu mmoja tu.

Anayemtishia kijana wa pikipiki ni sisi. Usiku ule bili ilikuwa 3,000. Shosho alikuwa na 1,500, nyingine ikawa deni hadi pesa ya maziwa iingie. Muulize ana madeni mangapi kama hayo. Akisema maziwa ya ng'ombe aliyedungwa antibiotiki yamwagwe kwa siku kadhaa, tunanuna, na safari ijayo hatumwiti. Tunaenda agrovet, tunanunua chupa, tunadunga wenyewe tukisoma kipimo kwa simu. Hapo ndipo akili unde inamnyang'anya kazi: inatupa kisingizio cha kutomlipa. Dawa inabaki kwa maziwa, maziwa yanaingia kwa chai yako hapo Roysambu, na bakteria wanazidi kuizoea.

Mabosi wa mjini nao ni hivyo hivyo. Likizo moja nilifanya kazi mahali pa kulaza mbwa wenye wao wakisafiri. Tulikuwa watatu. Mwenye mahali akaweka kamera kila chumba, akafuta wawili, na aliyebaki akawa wa mchana peke yake. Usiku mmoja mbwa mkubwa alifura tumbo. Kamera ilimwona vizuri sana, saa na dakika ziko pale chini. Asubuhi tulimkuta amekufa. Nilikuwa nimebaki mimi, kwa hivyo mimi ndiye niliyempigia mwenyewe. Akauliza kama kulikuwa na mtu. Nikamwambia kulikuwa na kamera.

Mtoto wa watu akisema anataka kwenda AHITI Kabete au Ndomba kujifunza kutafuta mshipa gizani, usimwonyeshe video. Muulize atalipwa na nani, na kaunti itaajiri wangapi. Hayo ndiyo maswali magumu, na roboti haimo.

Anko, najua utaisoma hii. Mchango wa karo ni Jumamosi, kwa shosho, saa nane mchana. Njoo na ile pesa uliyosema ni ya kompyuta.