Mwacheni Jack Ashike

Sheria ya "hakuna kushika" ifutwe. Ifutwe Migori, ifutwe Homa Bay, ifutwe katika kila kibanda cha PlayStation chenye viti vya plastiki na pazia la kuzuia jua la saa nane. Kama huijui, una bahati. Ni ile amri inayosema kwamba ukicheza Tekken humu ndani huruhusiwi kumbeba mpinzani na kumbwaga chini. Piga ngumi, piga teke, zunguka na Eddy Gordo mpaka watu wapate kizunguzungu, hiyo ni sawa. Lakini ukishika mtu, pedi inatoka mkononi na mbao yako imeenda.

Pale Oruba, Migori, nimeikuta imeandikwa kwa wino mzito kwenye kadibodi kando ya televisheni. Nikauliza kwa nini. Aliyekuwa na pedi akanijibu bila kugeuza kichwa: "Omera, kushika ni ya watu hawajui gemu."

Haya. Tuongee gemu basi.

Katika Tekken, ukisimama na kujikinga unazuia mapigo ya juu na ya katikati, ila ya chini yanakupata. Ukichuchumaa unazuia ya chini, ya juu yanapita hewani, ila ya katikati yanakupasua. Kushika kumewekwa hapo kwa sababu: kunamkamata yule aliyesimama tu amejifungia, na kunamkosa aliyechuchumaa. Sasa ondoa kushika. Mtu anayesimama na kujikinga raundi nzima amebaki na kitu kimoja tu cha kuogopa, mapigo ya chini, na mengi ya hayo hayaumi sana. Nani anafurahi? Mwenye miguu ya haraka. Nani ameuawa? Jack, King, Kuma, watu wa kilo. King ni mpiga mweleka aliyevaa kichwa cha chui. Kumwambia asishike ni kama kumwambia golikipa acheze mikono ikiwa mfukoni.

Na tusijidanganye kwamba sheria hii inahusu ustadi. Inahusu pesa. Vibanda vyetu vingi vinaenda kwa mtindo mmoja: mshindi anabaki, aliyepigwa analipa na kurudi kwenye benchi. Mgeni anaingia na mbao mbili alizobania tangu asubuhi. Hajui mashambulizi marefu, vidole vyake bado vinatafuta vitufe. Anachagua jitu kubwa kwa sababu linaonekana lina nguvu, na katika hilo hajakosea. Halafu anaambiwa silaha ambayo hata mgeni anaweza kuitumia siku ya kwanza imepigwa marufuku. Anapigwa mara mbili kabla hajakaa vizuri na anaenda nyumbani. Yule mzoefu amecheza mchana kutwa kwa mbao za wengine. Kadibodi ile inamlinda yeye.

Mimi mgeni akiniuliza aanze na nani, namwambia Jack. Watu wanacheka. Jack ni pole, wanasema. Pole gani? Tekken inaenda kwa fremu 60 kwa sekunde, na ile ngumi fupi ya Jack, mraba peke yake, inatoka katika fremu ya 10. Ya Law pia ni 10. Tofauti ni kwamba mkono wa Jack ni mrefu kama ngazi ya fundi stima. Kinachochelewa ni yale mapigo yake makubwa, na hayo ndiyo wageni wanapenda kurusha ovyo kwa sababu yanatoa sauti nzuri. Yaache. Jack akikosa pigo zito, utakula teke, utarushwa hewani, na mwili wake ulivyo mpana kuna mashambulizi yanayompata yeye ambayo yangewakosa wembamba. Hilo ni deni lake na halifichiki. Kukwepa kwa pembeni pia si kazi yake sana.

Kazi yake ni umbali. Simama pale ambapo mkono wako unafika na wao haufiki, halafu tulia. Kutulia ndiyo ngumu, hasa watu watano wakikupigia kelele kwa nyuma. Rudi hatua moja, mwache Eddy azunguke kwenye hewa tupu, akimaliza mdunge. Kidole gumba kwenye mshazari wa mbele-chini pamoja na mraba: hiyo ni ngumi ya katikati, na yeyote anayechuchumaa ataijua. Ongeza pigo moja la chini, pigo moja la kumrusha mtu juu, na mfuatano mfupi ambao hauharibu hata ukitetemeka. Usijifunze kingine mwezi mzima. Mpinzani akishachoka kudungwa, atasimama ajifungie kama duka la Jumapili. Hapo ndipo unamwendea, mraba na X kwa pamoja, unambeba. Mara ya pili ataogopa, atachuchumaa. Mpe ya katikati. Hilo ndilo gemu lenyewe, na bila kushika nusu yake haipo.

Watasema kushika kunaboesha, mtu anarudia kitu kimoja. Wacha nijibu hilo kwa swali: ni pigo gani lingine katika Tekken ambalo ukishapatwa unaruhusiwa kulifuta? Teke la Eddy likikufika limekufika. Lakini ukishikwa, una muda, chini ya nusu sekunde ndiyo, lakini upo, wa kubonyeza kitufe na kujitoa. Au uchuchumae kabla. Hilo ndilo pigo la haki kuliko yote, na ndilo mmelifungia.

Shauri Yako, Homa Bay, kuna kibanda ambacho hakina kadibodi ya aina hiyo. Ukitoka Migori unapitia Awendo na Rongo kufika huko, safari ya kawaida tu ya matatu, lakini ni kama umeingia nchi nyingine. Nilikaa pale nikaona kijana wa sare za shule akijitoa mikononi mwa King mara tatu mfululizo, bila kelele, kama mtu anayefungua mlango wa kwao. Hakuna aliyemfundisha darasani. Amebebwa sana, basi.

Huko nje hakuna wa kukulinda. Fainali ya Evo 2017 ilifikiwa na Mkorea Saint akiwa na Jack-7. Mwaka 2018 Rangchu, Mkorea pia, alitwaa fainali za Tekken World Tour kule Amsterdam akitumia Panda. Panda, jamani, dubu. Sylvia Gathoni wetu, Queen Arrow, alisajiliwa na timu ya UYU akakutana na wachezaji wa nje, na hao hawaombi ruhusa kwanza kabla ya kushika.

Kinachonishangaza zaidi ni kwamba sisi watu wa kando ya ziwa tumelelewa na Luanda Magere. Mwili wa jiwe, mikuki inaruka. Adui zake hawakuitisha mkutano kuamua kwamba kuwa jiwe ni ushamba. Walituma mke akachunguze, wakajua siri iko kwenye kivuli, wakachoma kivuli. Jack naye ana kivuli chake, ni yale mapigo mazito yanayokosa. Mzungukeni mkitafute, badala ya kumfunga mikono halafu mseme mmemshinda.

Kwa mwenye kibanda cha Oruba, sikuombi ununue chochote. Kadibodi hiyo ina upande wa pili. Igeuze, uandike: kushikwa kwa kawaida, mraba au pembetatu. Giant Swing ya King, mraba.