Jengo Limeokolewa, Hadithi Imehamishwa: Viwanda vya Kale na Makazi ya Kisasa

Yeyote aliyewahi kupekua kamusi ya Kiswahili atakuwa amekutana na neno amerikani, ambalo wengine hulitamka merikani au marekani. Ni kitambaa cha pamba, kizito kiasi, kisichotiwa rangi wala nakshi. Kaniki ilitoka Bara Hindi, ulaiti ulitoka Ulaya, na merikani ikabeba jina la nchi ilikofumwa. Mwaka 1833 Marekani ilitia sahihi mkataba wa biashara na Sayyid Said, na mwaka 1837 konseli wake wa kwanza, mfanyabiashara kutoka mji wa Salem katika jimbo la Massachusetts, akafungua ofisi Unguja. Majahazi ya Salem yalileta nguo yakaondoka na pembe za ndovu, sandarusi, karafuu na ngozi. Baada ya miaka michache tu nguo hiyo ilikuwa ikivaliwa, ikihesabiwa na kulipwa kama fedha kutoka mrima hadi Ujiji.

Swali ambalo wanafunzi wa Kiswahili hawajazoea kuliuliza ni hili: viwanda vilivyofuma nguo hiyo viko wapi leo? Jibu lake lina kinaya. Vingi bado vimesimama, na watu wanaishi ndani yake.

Huu ni mtindo uliovuma katika miji mingi ya Magharibi kwa muda wa zaidi ya nusu karne. Kiwanda kinapofungwa, jengo lake hukaa kitambo likiwa gofu, kisha mjenzi tajiri hulinunua, hulisafisha matofali, hulitia madirisha mapya, akapangisha maduka na mikahawa sakafu ya chini na kuuza au kukodisha makazi sakafu za juu. Chimbuko linalotajwa zaidi ni mtaa wa SoHo, New York, ambako katika miaka ya 1960 wasanii walihamia kinyemela katika maghala matupu kwa sababu kodi ilikuwa nafuu na nafasi ilikuwa tele. Mwaka 1971 jiji likawaruhusu kisheria. Baada ya hapo matajiri wakaipenda ladha ile ya nguzo za chuma na kuta zisizopigwa lipu, kodi ikapaa, na wengi wa wasanii wale wakalazimika kutafuta pengine. Makazi ya namna hiyo Waingereza na Wamarekani huyaita kwa neno ambalo mfasiri mvivu angelitafsiri kuwa dari. Dari kwa Mswahili ni mahali pa kuhifadhi mahindi, vyombo vilivyochakaa na siri za nyumba. Hapa pana ukumbi mzima wa kiwanda, mrefu, wenye madirisha makubwa yaliyowekwa ili mfumaji auone uzi uliokatika. Mwanga anaolipia mpangaji wa leo uliwekwa kwa ajili ya kazi, wala si kwa ajili ya starehe ya macho.

Mji ambao unaonyesha jambo hili kwa ukamilifu zaidi ni Lowell, Massachusetts. Ulijengwa kando ya maporomoko ya mto Merrimack, maji yakachimbiwa mifereji ya urefu wa kilomita tisa hivi ili yazungushe mitambo. Kiwanda cha kwanza kilianza kutoa nguo mwaka 1823. Mji ulipewa jina la Francis Cabot Lowell, mfanyabiashara aliyezuru viwanda vya Uingereza na kurudi na umbo la mtambo wa kufumia kichwani mwake, lakini aliyekufa mwaka 1817 kabla ya mji huo kuwapo. Wafanyakazi wa mwanzo walikuwa wasichana kutoka mashambani, waliolazwa katika nyumba za bweni za kampuni, wakaamshwa kwa kengele na kufanya kazi zaidi ya saa sabini kwa juma. Hawakunyamaza. Waligoma mwaka 1834 walipopunguziwa ujira, wakagoma tena mwaka 1836, na kati ya mwaka 1840 na 1845 waliandika jarida lao wenyewe, The Lowell Offering. Msomi wa fasihi atalipenda jambo hilo hasa: watu waliokuwa wakisimama mbele ya mashine mchana kutwa walitafuta usiku wa kuandika.

Pamba ilitoka Kusini, ililimwa na kuchumwa na watumwa hadi vita vya wenyewe kwa wenyewe vya mwaka 1861 hadi 1865 vilipoukomesha utumwa nchini humo. Baadhi ya nguo duni za Massachusetts zilirudishwa hukohuko Kusini kuwavika watumwa walewale, nao wakaiita nguo hiyo kwa jina la mji: lowell. Linganisha na merikani. Watu wawili wasiojuana, mmoja Mississippi na mwingine Bagamoyo, waliipa nguo jina la mahali ambapo hawangewahi kupaona. Hakuna bango la muuza nyumba linaloweza kushindana na ushahidi wa maneno hayo mawili.

Viwanda vya Lowell vilianza kudhoofika katika karne ya ishirini, kazi zikahamia Kusini kwenye ujira mdogo zaidi. Kiwanda cha Boott, kilichoanzishwa mwaka 1835, kilifungwa mwaka 1955. Kile cha kwanza kabisa, cha Merrimack, kilifungwa katika muongo huohuo na majengo yake yakabomolewa kwa jina la kuufanya mji kuwa wa kisasa. Ni hasara hiyo iliyowazindua wakazi. Mwalimu mmoja wa mji huo, Patrick Mogan, alishikilia kuwa mji wenyewe uwe darasa. Mwanasiasa Paul Tsongas akalibeba wazo hilo hadi bungeni. Na mwaka 1978 Rais Jimmy Carter akatia sahihi sheria iliyoanzisha hifadhi ya taifa ya kihistoria ya Lowell. Hifadhi hiyo haikuwa ya wanyama wala milima. Ilikuwa ya mifereji, vinu na nyumba za bweni.

Sifa impate anayestahili. Ukiingia katika jengo la Boott leo utakuta sehemu moja ni makazi na ofisi, na sehemu nyingine ni jumba la makumbusho lililofunguliwa mwaka 1992, lenye ukumbi wa mitambo 88 ya kufumia, na baadhi yake huwashwa. Mgeni hupewa vizibo vya masikio kabla ya kuingia. Kelele hiyo ndiyo hadithi yenyewe: anayeisikia kwa dakika tano huanza kufahamu maana ya kuisikia kwa miaka ishirini. Katika majengo ya kiwanda cha Appleton nako, yaliyofunguliwa upya mwaka 2011, yalitengwa makazi 130 ya wasanii kwa kodi wanayoiweza watu wa kipato cha kawaida. Lowell haikufanikiwa katika kila kitu, lakini ilitambua kwamba tofali bila sauti ni pambo.

Twende sasa katika jimbo jirani la Connecticut, kwa maana ndiko hadithi inakomgusa Mswahili moja kwa moja. Pembe zilizoondoka Unguja hazikuishia Salem. Sehemu kubwa ilipelekwa katika bonde la mto Connecticut, kwenye mji mdogo wa Deep River na kijiji jirani ambacho hadi leo kinaitwa Ivoryton, yaani mji wa pembe. Huko zilikatwa vipande vyembamba, zikaanikwa juani ndani ya vibanda vya vioo hadi zikawa nyeupe, kisha zikabandikwa kwenye vibonyezo vya piano. Kampuni ya Pratt, Read ilijenga kiwanda kikubwa cha matofali Deep River baada ya kile cha awali kuteketea kwa moto mwaka 1881. Jengo hilo lipo. Limegeuzwa kuwa fleti za kuuzwa, na jina lake jipya lina neno piano ndani yake. Neno pembe halimo.

Huenda msomaji akasema hiyo ni hoja ya kutafuta chawa katika kipara. Jina ni jina tu. La hasha! Jina hilo limechagua mwisho wa safari na kuufuta mwanzo wake. Pembe moja ilibebwa begani miezi kadhaa kutoka Ujiji au Tabora hadi pwani. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi waliofanya kazi kwa ujira, na ujira huo mara nyingi ulikuwa mikono ya nguo ya merikani. Wengine walikuwa watumwa. Basi tazama mzunguko: pamba ya mtumwa wa Marekani ilifumwa Massachusetts, ikamlipa mpagazi wa Tabora, ili abebe pembe iliyokwenda Connecticut kuwa piano katika sebule ya mtu. Mwanzilishi mmoja wa biashara hiyo ya pembe Deep River, George Read, alikuwa mpinzani mkubwa wa utumwa, naye alimpa hifadhi mtumwa aliyetoroka kutoka Kusini. Alikuwa mtu mwema. Hata hivyo bidhaa iliyomtajirisha ilipita katika njia ambazo minyororo ilikuwa ikilia, na haikosi kuwa aliisikia ile ya karibu zaidi kuliko ile ya mbali. Riwaya ngapi zingeandikwa juu ya mtu huyo mmoja!

Wapo wanaotetea mtindo huu kwa hoja nzito, na si haki kuzipuuza. Jengo lisilo na matumizi huporomoka. Jengo lenye wapangaji hupakwa rangi na kuezekwa. Mwekezaji hana wajibu wa kuwa mwanahistoria, na mnunuzi wa fleti hapendi kuamka na kunywa chai yake chini ya picha ya msafara wa watumwa. Yote hayo ni kweli, na mfano wa Merrimack unatosha kumkumbusha mtu kwamba tingatinga ni mbaya zaidi kuliko mkahawa. Lakini Marekani mjenzi anayekarabati jengo la kihistoria lenye kuingiza kipato hupewa na serikali nafuu ya kodi ya asilimia 20 ya gharama ya ukarabati. Umma unalipa. Unaponunua hifadhi kwa fedha za walipa kodi, ni jambo la ajabu kuridhika na ngozi ya nje ya jengo huku matumbo yake yakitupwa jalalani. Chumba kimoja cha sakafu ya chini, majina ya waliofanya kazi, mashine moja isiyong'olewa, rekodi ya sauti zao: hayo si mzigo wa kumfilisisha mtu anayeuza fleti kwa bei ya juu.

Kenya haiko mbali na mjadala huu. Mwaka 2003 ghala lililokuwa karakana ya magari katika eneo la viwanda la Nairobi liligeuzwa kuwa kituo cha sanaa cha GoDown, na jina lenyewe lilikiri asili yake. Mjini Eldoret, Chuo Kikuu cha Moi kilikinunua kiwanda cha nguo cha Rivatex mwaka 2007, na mwaka 2019 kikazinduliwa upya kikiwa kiwanda, jambo ambalo Lowell haikulipata. Kule Kisumu, KICOMI, kiwanda cha pamba kilichoajiri watu wengi wa Nyanza, kilikwama katika miaka ya 1990 soko lilipofunguliwa na mitumba ikafurika. Viwanda vya namna hiyo vimekaa kwenye ardhi inayopanda bei kila mwaka. Wajenzi watakuja, ikiwa hawajafika. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inaweza kulilinda jengo likitangazwa rasmi, ila macho ya wengi yakisikia urithi huenda moja kwa moja Fort Jesus na Gedi. Kiwanda cha miaka ya 1960 hakina mizinga wala magofu ya msikiti, basi huonekana kama takataka kubwa.

Hapa ndipo wanafunzi wa Kiswahili wana kazi ambayo mhandisi hawezi kuwafanyia. Tazama neno nyapara. Katika misafara ya pembe mnyapara alikuwa kiongozi wa wapagazi. Baadaye neno likaingia mashambani, gerezani na kiwandani, likawa na ukali wake mpya. Kibarua alikuwa mtu wa kukodishwa kwa siku, aliyepewa kikaratasi chake. Leo kibarua hukusanyika langoni mwa kiwanda alfajiri, bila karatasi yoyote. Mtande na mshindio yamo katika kamusi, lakini je, mfumaji wa Kisumu au Thika aliyaita hivyo, au alikuwa na maneno yake aliyoyabuni kwenye kelele, ambapo mtu husema kwa midomo na vidole? King'ora cha zamu kiliitwaje? Nyapara mkali alibandikwa lakabu gani? Nyimbo zipi ziliimbwa siku ya mshahara, na zipi siku ya mgomo? Tasnifu za Uzamili juu ya taswira katika riwaya zilezile tatu zimejaa rafu za maktaba; juu ya lugha ya wafumaji, mtu atatafuta hadi achoke.

Na muda ni mfupi kuliko unavyoonekana. Msichana aliyeingia kiwandani mwaka 1975 akiwa na umri wa miaka ishirini sasa ana miaka sabini au zaidi. Bado anaweza kupatikana, bado anakumbuka mashine yake ilikuwa ya ngapi kutoka mlangoni, na hakuna aliyewahi kubisha hodi kumuuliza.