Uvumi wa jalidi ya Brazil usimkimbize mnunuzi

Kila mwaka kati ya Juni na Agosti wanunuzi wa kahawa hupokea habari ileile: hewa baridi imeingia Brazil, bei itapanda. Wengi hukimbilia kununua siku hiyohiyo. Ni haraka isiyo na faida.

Hewa hiyo hutoka kusini, upande wa Antaktika, ikapitia Argentina. Ni nzito na kavu. Ikikutana na hewa ya joto yenye unyevu hujipenyeza chini yake na kuinyanyua. Ile ya joto hupoa ikipanda, mawingu hujengeka, mvua hunyesha. Mpaka huo wa hewa mbili ndio unaotangazwa, lakini wenyewe hauunguzi kahawa. Mawingu ni blanketi. Hatari iko nyuma yake, usiku mmoja au miwili baadaye, mbingu zikiwa safi na upepo umetulia: joto la ardhi hupotea angani, baridi hutelemkia mabondeni, na umande huganda juu ya majani. (Afrika Mashariki haina mipaka ya namna hii, hapa ni kaskazi na kusi.)

Mwanzoni mwa 1994 ratili ya arabika iliuzwa New York chini ya senti 80 za Marekani. Jalidi ilipiga mwishoni mwa Juni, ikarudi Julai, na bei ikavuka senti 200. Julai 1975 jimbo la Paraná lilipoteza karibu mibuni yake yote. Julai 2021 ilikuwa zamu ya Minas Gerais.

Kinachoungua zaidi si kahawa inayovunwa mwezi huo, bali matawi ya mavuno ya mwaka unaofuata. Soko hulipia upungufu ambao haujatokea, na hugeuka upesi ikibainika mashamba yamesalimika. Ndiyo maana taarifa ya siku ya tatu ina thamani kuliko uvumi wa siku ya kwanza.

Bei ya Moshi na Nairobi huifuata New York. Chama cha ushirika kinachofunga bei ya mzigo wote mwezi Juni kinampa mnunuzi zawadi, sawa na mkulima wa Kagera anayeuza butura. Afadhali kufunga bei ya sehemu tu na kuacha iliyobaki. Agosti ikipita salama, aliyeficha gunia kwa kungojea jalidi hana sababu ya kuendelea kulipia ghala.