Mtoto anapotaka kwenda kutazama magari ya mbio



Juma lililopita, baada ya mkutano, mama mmoja wa Kimanga alibaki nyuma akitaka kuongea nasi. Kijana wake wa miaka 12 amealikwa na baba yake mdogo anayeishi Kigali, ili waende pamoja kutazama mashindano ya magari huko Bugesera. Tangu siku ile kijana hatulii. Madaftari yake yote yamejaa magari yenye namba mlangoni. Mama akatuuliza: “Nimwache aende, ao nimkataze?”

Tulimjibu palepale, lakini tukaona kwamba swali hili si lake peke yake. Wengi wetu tuna ndugu Bujumbura, Kigali, Kampala na Nairobi, na mashindano haya yanavuta watoto na wakubwa pia. Mmoja kati yetu alishafika Bugesera mara moja, na tunayoyaandika hapa yanatoka kwanza kwake.

Tujue kwanza ni kitu gani tunaenda kutazama. Rali haichezwi uwanjani kama mpira. Inachezwa kwenye barabara ya udongo, ileile ambayo siku nyingine inapitwa na baiskeli na mbuzi, ikifungwa kwa saa chache. Magari hayakimbii bega kwa bega. Linaondoka moja, na baada ya dakika mbili ao tatu linaondoka lingine, ili vumbi litulie kidogo. Anayeshinda ni yule aliyetumia muda mfupi zaidi. Ndani ya kila gari kuna watu wawili: dereva, na mwenzake anayemsomea kona zinazokuja. Rali ya Rwanda, inayoitwa Mountain Gorilla Rally, inahesabiwa katika ubingwa wa Afrika, na barabara za vumbi za Bugesera ndizo zinazojulikana sana humo. Mama yao wote ni Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 2021 ilirudi katika ubingwa wa dunia, huko Naivasha, baada ya kukosekana miaka 19.

Sasa, mwenzetu alipofika Bugesera alifanya kama wengi wanavyofanya siku ya kwanza. Alitafuta mahali pazuri pa kuonea. Akaona kona, na upande wa nje wa kona jiwe zuri la kukalia. Akaketi, mtoto mgongoni. Mzee mmoja wa pale, mkulima, akamwambia: “Mama, ondoka hapo.” Alikasirika kidogo, lakini kwa heshima ya mvi akapanda juu ya kilima na wengine. Gari la nne lilipofika kwenye kona ile, nyuma yake iliteleza, ikatoka barabarani, na lile jiwe likarushwa hadi kwenye shamba la mtama. Hakuna aliyeumia. Lakini mwenzetu anasema hakumbuki hata rangi ya gari lile. Anachokumbuka ni jiwe.

Kwa hiyo shauri la kwanza, linalopita mengine yote, ni hili: chagua pa kusimama kabla ya kuchagua pa kuonea. Sisi wa Uvira hatuhitaji mwalimu wa mbali kutufundisha jambo hili. Tunaujua mto Mulongwe. Maji yakija kwa nguvu kwenye kona, yanakula ukingo wa upande wa nje. Wote tulioona Aprili 2020 tunakumbuka ni nani waliopoteza nyumba kwanza. Gari la mbio ni vilevile. Likishindwa kukata kona linakwenda moja kwa moja mbele, yaani upande wa nje. Basi usisimame nje ya kona. Usisimame pia mahali njia mbili zinapogawanyika, kwa sababu dereva akishindwa kugeuka ataingia kwenye njia ile nyingine. Usisimame mbele ya kilima kidogo ambapo gari linaruka, kwa maana likiwa hewani dereva hawezi kuligeuza. Na usisimame bondeni, chini ya barabara. Panda juu, rudi nyuma, na hakikisha kuna kitu kigumu kati yako na njia: ukingo wa udongo ulioinuka, ao mti mnene. Utepe haushiki gari.

Shauri la pili: ukishapata mahali, jiulize utakimbilia wapi. Gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa linapita karibu mita 28 katika sekunde moja. Ukisema “Yesu!” limeshafika. Kwa hiyo usiegemee ukuta ao ua wa miiba unaokufungia nyuma. Usikae chini, kwa sababu kuinuka na mtoto kunachukua muda usio nao. Na usitazame gari likikujia kupitia simu. Kwenye kioo cha simu kila kitu kinaonekana mbali kuliko kilivyo. Piga picha likishakupita.

Shauri la tatu: jifunze kusoma siku yenyewe. Kabla ya washindani, yanapita magari ya usalama, mengine yenye ving'ora, yakiwa na sifuri tatu, sifuri mbili, kisha sifuri moja. Ukiona sifuri moja, ujue mbio zimefika. Tangu hapo hakuna kuvuka barabara, hata kama mwenzako anakuita ng'ambo na chakula kimeiva. Mwisho kabisa linapita gari la kufunga njia. Kabla halijapita, barabara bado ni ya mbio. Watu wengi wanadanganywa na kimya: wanadhani yameisha, wanashuka, kumbe lile lililokuja polepole lilikuwa na tatizo, na lingine liko nyuma yake. Wasimamizi wenye vizibao vya kung'aa wakipuliza filimbi ao wakikuambia sogea, sogea. Hakuna palabre.

Na gari likipinduka mbele yenu? Moyo wetu wa Kiafrika unatutuma wote kukimbilia. Ngojeni. Gari linalofuata liko njiani. Waliomo wana kibao cha kuonyesha: kimeandikwa OK kama ni wazima, ao kina alama nyekundu kama wanahitaji daktari. Mwacheni msimamizi asimamishe mbio kwanza. Watoto nao waambiwe mapema kwamba kuweka mawe ao matawi barabarani ili “kuona dereva atafanya nini” si mchezo. Ni kuua.

Tuje kwenye mambo ya mama. Vumbi la rali si la kawaida. Huko Naivasha kuna sehemu ambapo udongo ni laini kama unga wa muhogo, gari linazama ndani yake na wingu linabaki juu dakika nzima. Chukua vitambaa safi vya kufunga pua na mdomo, na maji ya kulowesha. Mtoto mwenye pumu, tunakuomba, abaki nyumbani. Kama ni lazima aende, dawa yake ikae mkononi mwako, si ndani ya gari mlilokuja nalo. Mtoto mchanga pia abaki. Kelele zile zinaumiza masikio ya mkubwa, sembuse ya mtoto. Bugesera ni kukavu na kivuli ni haba: bidoni la maji ya kunywa, kofia, mwavuli, na chakula kisichoharibika na jua. Ndagala wa kukaanga na mikate vinatosha. Mchuzi uache nyumbani. Andika namba ya simu kwenye mkono wa kila mtoto kwa kalamu isiyofutika haraka, na chagueni mahali pa kukutania, mti fulani ao duka fulani, kabla hamjatawanyika. Mkubwa mmoja kwa watoto wawili, si zaidi. Na mkubwa huyo asiwe na chupa ya bia mkononi.

Kwa safari yenyewe, mnaijua kama sisi. Iwe ni kupitia Kavimvira na Gatumba, ama kupanda RN5 hadi Kamanyola na kuvukia Bugarama, ulizeni hali ya mpaka siku ileile, si juma moja kabla. Mtoto anayesafiri bila mzazi apewe karatasi zake na idhini ya mzazi iliyoandikwa.

Kuna atakayesema tunatia watu hofu bure. Hapana. Mashauri haya yamelipiwa. Mwaka 1986, kwenye rali ya Ureno karibu na Sintra, watazamaji walisimama katikati ya barabara wakiruka pembeni gari likifika, na wengine walitaka hata kuligusa. Gari moja liliacha njia likaingia kati yao. Watu watatu walikufa na zaidi ya 30 waliumia. Kabla mwaka haujaisha, ilishaamuliwa kwamba magari ya daraja lile hayatashindana tena. Na mmoja wa watu waliokuja baadaye kubeba kazi ya kulinda watazamaji katika ubingwa wa dunia ni mwanamke, Michèle Mouton wa Ufaransa, aliyekuwa mwanamke wa kwanza kushinda rali ya ubingwa huo, mwaka 1981.

Jambo hilo linatupa neno kwa wasichana wetu. Msiwaache nyumbani mkichukua kaka zao tu. Uganda ilikuwa na bingwa wa taifa mwanamke, Susan Muwonge, mwaka 2011. Rwanda ina Queen Kalimpinya kwenye usukani. Tena kuna kazi ambazo hazionekani. Huko Afrika Kusini, kwenye jangwa la Hakskeen Pan, ziwa lililokauka, mwaka 2019 gari liitwalo Bloodhound lilipita kilomita 1,000 kwa saa. Njia yake ilisafishwa na watu zaidi ya 300 wa jamii ya Mier, wakiokota mawe kwa mikono. Jiwe moja dogo lililosahauliwa lingetosha kuua dereva. Na huko jangwani, ambapo hakuna kilima wala mti wa kujikinga, kinga ya mtazamaji ni umbali tu. Yule aliyetaka kusogea karibu hakuwa na bahati ya kupata jiwe la kukalia.

Tumalizie nyumbani. Watoto wetu wengi hawatafika Bugesera mwaka huu. Lakini kila siku wanasimama kando ya RN5 wakitazama malori na motari wanaoshindana, na wanasimama palepale tulipokataza: nje ya kona, migongo kwenye ukuta, macho kwenye simu. Jumapili hii, baada ya ibada, mchukue mtoto wako hadi kwenye kona iliyo karibu na kwenu. Muulize: “Gari likikosa njia hapa, litakwenda wapi?” Mwache aonyeshe kwa kidole. Kisha muulize: “Na wewe je, ungesimama wapi?” Akijibu vizuri, ameshajifunza nusu ya rali bila kulipa tiketi ya basi.

Yule mama wa Kimanga tulimwambia hivi: mwache aende, lakini kwanza mpigie simu shemeji yako. Msomee mashauri haya moja moja, na akubali kwa mdomo wake. Akicheka na kusema “ah, mama, mnaogopa sana”, basi kijana angoje mwaka mwingine. Akisikiliza hadi mwisho, mfungie mtoto ndagala zake na umwombee safari njema.

Jana usiku alitupigia simu. Shemeji alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja: kama anaweza kutumiwa ndagala na yeye.

Tuonane juma lijalo.