Mutukula ni karibu, lakini chuo ni ugenini

Kila sifa njema ni Yake Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, katika mkoa wetu wa Kagera kumpeleka mtoto kusoma Uganda si jambo geni. Makerere ilianza mwaka 1922, na mwaka 1988 Chuo Kikuu cha Kiislamu nchini Uganda kilifungua milango yake mjini Mbale. Kutoka Bukoba hadi Mutukula ni kiasi cha kilomita 80, na tangu mwaka 2017 msafiri hukaguliwa na maofisa wa nchi zote mbili katika kituo kimoja cha mpakani. Mzazi wa Kamachumu au Nshamba huweza kuuona mji wa Kampala kuwa jirani kuliko Dar es Salaam.

Ukaribu huo ni neema, lakini ndani yake umo mtego. Kwa kuwa njia ni fupi, tunasahau kwamba kijana yuko ugenini, chini ya masharti ambayo ameyatia saini. Aya ya kwanza ya Sura Al-Maida inawaamrisha waumini kutimiza mikataba yao. Fomu ya chuo ni mkataba. Ajabu ni kwamba mara nyingi anayeuvunja si mwanafunzi peke yake, bali ni sisi wazee tuliobaki nyumbani.

Tuanze na mahudhurio. Vyuo vingi humtaka mwanafunzi ahudhurie sehemu kubwa ya vipindi, na katika vyuo kadhaa kiwango ni asilimia 75. Asiyekifikia huzuiwa kufanya mtihani. Nasi huku nyumbani akifariki jirani, akiolewa binamu, au ukoo ukikutana kuamua mambo ya kibanja, simu hupigwa: "Njoo, kwani ni mbali?" Kijana huona haya kumkatalia baba yake au ami yake. Hupanda basi, hukaa siku tano, na mwisho wa muhula jina lake halimo katika orodha ya watahiniwa.

Hapa sharia yetu ni nyepesi kuliko mila zetu. Kumsalia maiti na kumzika ni faradhi ya kutosheleza. Wakisimama baadhi ya Waislamu, waliobaki hawana dhambi. Kijana aliyeko Mbale anaweza kumwombea marehemu dua akiwa huko huko. Ukifika msiba wa mzazi wake, hapo ni haki yake kuja, lakini aombe ruhusa ya chuo kwa maandishi kabla ya kuondoka, na barua hiyo aitunze.

Jambo la pili ni karo. Chuo humtaka mwanafunzi alipe kwa tarehe iliyowekwa, na asiyelipa huweza kunyimwa mtihani. Msimu wa kahawa kwetu hufunguliwa katikati ya mwaka, ilhali muhula wa pili katika vyuo vingi vya Uganda huanza mwanzoni mwa mwaka, wakati fedha ya kahawa imekwisha kutumika. Hapo ndipo mzazi anapokimbilia butura, yaani kuuza kahawa ikiwa bado maua au ingali changa mtini, kwa bei anayoitaka mnunuzi.

Mtume (S.A.W.) amekataza kuuza matunda kabla ya kudhihirika kukomaa kwake, kama ilivyopokewa katika Bukhari na Muslim. Serikali nayo imeipiga butura marufuku. Basi mzazi anayelipa karo kwa njia hiyo anavunja amri ya dini na sheria ya nchi, na bado anabaki fukara, kwa kuwa mavuno ya mwaka ujao si yake tena. Dawa yake ni kupanga mapema: siku kahawa inapouzwa, karo ya mihula yote miwili itengwe kwanza kabla ya bati na kabla ya harusi. Asiyeweza kuilipa yote, aandike kwa chuo tangu mwanzo wa muhula aombe kulipa kwa awamu, wala asingoje wiki ya mitihani.

La tatu ni uhalali wa safari yenyewe. Kabla ya kutoa shilingi moja, familia iulize kama chuo na kozi husika vimesajiliwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Juu la Uganda. Kwa upande wetu, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania hutoa cheti cha kutokuwa na pingamizi kwa anayekwenda kusoma nje, na tume hiyo hiyo ndiyo huzitambua shahada za nje mwenyewe anaporudi. Tena, Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, haikumwondolea mwanafunzi wajibu wa kuwa na kibali cha mwanafunzi. Kupita Mutukula kama mtu aendaye sokoni hakutoshi.

Mwenye kudhani kuwa karatasi ni usumbufu tu na azingatie yaliyotokea Sudan. Vita vilipozuka Khartoum tarehe 15 Aprili 2023, Serikali yetu ililazimika kuwarudisha nyumbani Watanzania waliokuwa huko, wakiwemo wanafunzi. Katika siku kama hiyo, aliyejiandikisha ubalozini hutafutwa kwa jina lake, na mwenye nakala za matokeo yake nyumbani huweza kuomba nafasi penginepo bila kuanza upya.

Enyi wazazi, kabla kijana hajafunga sanduku, kaeni naye msome kanuni za chuo ukurasa kwa ukurasa: mahudhurio, karo, mavazi, bweni na adhabu. Nanyi muahidi mbele yake yale yanayowahusu. Nawe kijana, usiwafiche wazazi wako onyo la chuo. Barua ya kwanza ya onyo hutibika. Ya mwisho ni ya kufukuzwa.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awahifadhi vijana wetu walio ugenini, awape elimu yenye manufaa, na atupe sisi subira ya kuwaacha wasome. Amin.

Wabillahi tawfiq.